Maneno ya Babu wa Katuni

Nimeaibika leo, tena nimeaibika nikiwa na shati lililopigwa pasi. Naandika nikiwa nimejifungia chumbani kwangu Mwananyamala, na Mama yuko sebuleni anamsimulia jirani.

Wengi humu mnanijua kwa chambuzi zangu za tamthilia na katuni. Mwaka wa pili huu naandika bure. Mchana nauza misumari Ubungo, jioni nachambua. Ndugu zangu wananicheka eti mtu mwenye ndevu anakaa kuangalia katuni. Kwa hiyo nilifurahi mno Dada Neema, mwenye ukumbi mmoja pale Mwenge, aliponipigia. Anatafuta mchambuzi wa kudumu, wa kuongoza mazungumzo kila Jumamosi baada ya filamu. Picha yako inabandikwa kwenye bango nje. Alikuwa amesikia andiko langu kuhusu katuni ya babu na mjukuu limesambaa sana (kulisoma hakulisoma, laiti angelisoma). Akasema leo tuionyeshe hiyohiyo, niizungumzie, nikifanya vizuri kiti ni changu.

Andiko lenyewe mnalikumbuka. Nilisifia maneno ya babu. Ile sehemu anamshika mjukuu mkono na kumwambia, "Mjukuu wangu, hili shamba lisiuzwe hata nikifa." Nililia pale. Nikaandika kwa marefu na mapana kuhusu ugomvi wa ardhi, na kuhusu yule mjomba mnene mwenye kofia anayetaka kuliuza.

Niliiangalia kwenye kibanda umiza cha Sudi, jirani yetu. Sudi anaweka filamu za nje, anapunguza sauti, halafu anashika maiki na kututafsiria kwa Kiswahili. Hodari sana.

Basi leo nimeenda na Mama. Kavaa kitenge kipya, nikamkalisha mstari wa mbele (wazo langu mwenyewe). Watu kama arobaini, walimu, wachonga vinyago, watu wenye miwani. Dada Neema akanikaribisha niseme machache kabla ya filamu. Hayo machache yalichukua dakika kumi na tano. Niliwaambia wasahau picha, wasikilize. Niliwaambia sijapata kusikia mazungumzo yaliyoandikwa kwa ufundi ule. Nikamwona Dada Neema ananikazia macho. Nikadhani nimemgusa.

Taa zikazimwa. Dakika ya tano, muziki. Dakika ya kumi, muziki. Babu anakunywa chai. Nikajipa moyo kwamba mtu mzima haropoki. Dakika ya ishirini nikanyata hadi kwa fundi mitambo kumuuliza kama sauti iko sawa. Akasema iko sawa kabisa, si nasikia hata ndege akilia? Kweli, ndege nilimsikia.

Ikafika ile sehemu. Babu akamshika mjukuu mkono. Niliinama mbele, nikaomba Mungu, sitanii. Babu akamtazama mjukuu. Akapiga chafya. Wakaingia ndani.

Hapo ndipo nikaelewa. Mie nilijua Sudi anatafsiri. Kumbe alikuwa anatunga! (Babu ana masharubu yamefunika mdomo wote, ningejuaje?) Yule mjomba mnene alikuwa daktari. Shamba halikuwepo. Ilikuwa bustani ya hospitali.

Taa zikawashwa. Dada Neema akaniuliza kwa upole ulionimaliza: "Filamu hii imesifiwa kila mahali kwa sababu haina hata neno moja. Sasa kaka yetu, yale mazungumzo uliyotuambia tusikilize ni yapi?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme ni mazungumzo ya moyoni, na nadhani ningepona. Mama akaniwahi.

"Mwanangu, mbona huyu babu haongei? Si uliniambia kule kwa Sudi aliongea mpaka ukalia?"

Walicheka. Mzee mmoja mchonga vinyago ilibidi ashikwe mkono atolewe nje akapate hewa. Nilitamani nitoke naye. Nikakiri yote, kibanda, maiki, mjomba, na mwisho nikawasemea yale maneno ya babu kama Sudi alivyoyasema. Ajabu, kicheko kikakata. Dada mmoja akafuta macho. Nikaanza kuona kama kiti bado kinanisubiri. Dada Neema akanisogelea na kuninong'oneza, "Naomba namba ya huyo Sudi."

Nimempa. Ningefanyaje?

Sudi amenipigia sasa hivi kunishukuru. Anaanza Jumamosi ijayo, na picha ya bango ameshatuma. Wataionyesha tena katuni ileile, yeye akiwa na maiki. Kaniuliza pia kama nakumbuka alisema nini, maana siku ile alikuwa na usingizi. Nimemtajia maneno yote, neno kwa neno, huku roho inaniuma.

Naombeni mkae na vicheko vyenu huko huko. Hapa nilipo bado sijui nitatokaje chumbani, na Mama ameshagonga mlango mara mbili anataka nimpeleke hiyo Jumamosi. Anasema safari hii angalau babu ataongea.