Zenon na Wanawe

Jumamosi, 4 Septemba 1954

Barua imefika. Nimeitwa kuhojiwa kwa ajili ya Chuo cha Biashara cha Pwani, masomo ya miezi sita Dar es Salaam. Nafasi ni moja tu kwa Ufipa nzima. Nimeisoma mara nne nikiwa nimesimama juu ya mizani. Mkulima mmoja akalalamika kwamba nampimia mahindi pamoja na miguu yangu. Nikamwomba radhi. Sisi watu wa biashara tuna adabu.

Baba ameshasema mwaka huu ndio wa mwisho. Nikikosa, narudi Matai kushika jembe. Kipande changu cha shamba ameshakikata, na mke ameanza kunitafutia.

Tatizo liko chini ya barua. Kila mwombaji atahojiwa mahali anapofanyia biashara yake. Mimi ni mpima mazao katika duka la Mzee Huseni hapa Mazwi. Biashara sina. Jambo dogo.

Jumatatu, 6 Septemba

Jioni nilikwenda kwa Adolfu, tarishi wa boma, na kibuyu cha pombe ya ulezi. Alipofika nusu ya kibuyu akaniambia waombaji waliobaki ni wawili, mimi na Theodory. Theodory! Yule anayeleta dagaa wa Kasanga kwa baiskeli! Mtu ambaye ukiwa mbali kule Izia unajua kuwa amefika Mazwi, upepo ukikuelekea.

Adolfu alikuwa na karatasi ya saa za kuhojiwa. Kila mwombaji anachagua ya kwake. Nikaandika Ijumaa, saa saba mchana.

Nieleze hapa akili yangu, maana hakuna mwingine wa kuieleza. Kila Ijumaa Mzee Huseni na wanawe huenda msikitini saa sita na nusu. Wakitoka hupita kula kwa ndugu yao, wanarudi saa nane. Anayebaki kulinda duka ni mimi, Mkatoliki. Kwa saa moja na nusu duka lile halina mwenyewe ila mimi. Kwa nini nisilitumie?

Adolfu alisoma saa niliyoandika, akajikuna kichwa, akaanza kusema kwamba yule bwana mgeni anayekuja kuhoji saa kama ile huwa... Nikamjazia kibuyu. Akanywa, akasahau.

Jumanne, 7 Septemba

Theodory amekuja kuniomba ushauri. Anaamini mimi ni msomi kwa kuwa nilimaliza darasa la nane kwa Mapadre, naye aliishia la sita.

Nikampa ushauri wa kumzamisha. Nikamwambia asijisifu hata kidogo. Asichokijua aseme hakijui. Kama aliwahi kupata hasara, aieleze yote bila kuificha. Na aje na matenga yake ya dagaa kama yalivyo, asiyafunike. Akasikiliza kwa makini, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema Mungu anibariki.

Masikini. Nusura nimhurumie.

Jumatano, 8 Septemba

Siku ya mazoezi. Mhoji ni Mzungu bila shaka. Nani mwingine atatoka Dar es Salaam na faili? Nikasimamisha gunia la mahindi ghalani, nikalivika kofia, nikafanya nalo mazungumzo. Nikalikazia macho. Nikaliuliza kwa Kiingereza kama lilisafiri salama.

Yunusu, mtoto mkubwa wa Mzee, akanikuta hapo. Akauliza ninaongea na nani. Nikamwambia nahesabu wadudu walioingia kwenye mahindi. Akasema nihesabu kimoyomoyo.

Tai nimeazima kwa katekista Dominiko. Aliuliza ya nini. Nikasema ya mazishi. Akanipa mara moja, na pole juu.

Alhamisi, 9 Septemba

Nimemaliza ubao. Juu ya mlango wa duka pameandikwa HUSENI NA WANAWE kwa rangi ya kijani. Nimechukua kifuniko cha sanduku la chai, nikakipiga rangi, nikaandika ZENON. Kina ndoano mbili. Kinaning'inia sawasawa juu ya jina la Mzee, na yaliyobaki yanabaki. ZENON NA WANAWE. Mwana sina, mke sina, lakini ubao hauulizwi maswali. Mtu mwenye wana huaminika zaidi.

Baridi kali leo. Nimelala mapema, moyo mweupe.

Ijumaa, 10 Septemba

Niandike kwa utaratibu.

Saa sita na nusu Mzee na wanawe wakaondoka. Nikapanda ngazi, nikatundika ubao. Nikavaa tai. Nikakaa kwenye kiti cha Mzee. Kiti kizuri sana.

Saa saba kamili, hakuna mtu. Badala ya Mzungu akaja Bibi Zita wa Izia kununua chumvi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika, akauliza Mzee Huseni yuko wapi. Sikutaka asimame pale akitaja jina hilo mhoji akiingia. Nikamwambia Mzee hayupo tena, duka sasa ni langu. Bibi Zita akanitazama, akatazama ile tai. Akashika kichwa kwa mikono miwili, akatoka bila chumvi.

Nikaona ameshangazwa na maendeleo yangu.

Saa saba na robo wakaanza kuja wanawake. Wa kwanza na kuni kichwani. Wa pili na unga. Wakatandika mikeka barazani, wakaanza kulia. Wengine walikuwa wakulima waliowahi kumuuzia Mzee ulezi, nao wakilia wakitaja mizani yake kwamba ilikuwa ya haki. Hilo nilichukulia kama sifa kwangu, maana mpimaji ni mimi. Nikatoka kuwaambia hakuna msiba. Mmoja akanikumbatia, akaniambia nilie tu, nisijizuie.

Saa saba na nusu Mzee Huseni akatokea kwenye kona, mzima wa afya, ameshikana mkono na mgeni mwenye kanzu nyeupe na koti. Mwanamke mwenye unga aliutupa wote. Wawili wakakimbilia ghalani. Mzee akauliza nani amefariki. Bibi Zita, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akamjibu kwa heshima kwamba ni yeye.

Mzee akainua macho, akasoma ubao. Akausoma tena, polepole. Kisha akamgeukia mgeni wake, akamwambia, "Karibu, Bwana Lukmani. Hapa ni dukani kwa baba yetu Zenon. Mimi ni mmoja wa wanawe."

Bwana Lukmani ndiye mhoji. Si Mzungu. Alipoona saa niliyochagua, licha ya jina langu, akadhani mwombaji ni Mwislamu mwenzake aliyetaka waswali kwanza ndipo wazungumze, akafurahi, akaja msikitini kunitafuta. Hakunipata. Akampata Mzee, wakaswali bega kwa bega. Mzee akamwalika chakula kwake, ndiyo maana hawakupitia kwa ndugu.

Bwana Lukmani alifungua faili palepale barazani, katikati ya mikeka. Aliniuliza swali moja tu: katika duka hili, kilicho changu ni kipi?

Nikatazama rafu zote. Sabuni, vitambaa vya marekani, taa, misumari. Nikasema tai.

Baadaye nikakumbuka tai ni ya Dominiko.

Jumamosi, 11 Septemba

Theodory amehojiwa sokoni, mbele ya matenga yake. Nilisimama nyuma ya muuza vyungu nisikilize. Bwana Lukmani alimuuliza hasara kubwa aliyowahi kupata. Mjinga yule akasema yote: mvua ilimkuta njiani, dagaa wakaoza, akawamwaga, na mpaka leo hajui angefanya nini. Akaulizwa anataka kusomea nini chuoni. Akasema hilohilo.

Nafasi amepewa yeye.

Akaja mbio kunishukuru. Akasema bila ushauri wangu angedanganya. Ameniachia dagaa kikapu kizima. Nimelia kidogo, nikamwambia ni harufu.

Jumapili, 12 Septemba

Baada ya misa Mzee akaniita. Hajanifukuza. Tangu juzi ananiita baba, na wateja nao wameanza. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu kwa heshima kwamba ya kwangu ilifika mpaka saa saba na nusu.

Akasema Bwana Lukmani amenihurumia. Mwakani nafasi itakuwepo tena, na atanisikiliza nikiwa na kitu changu mwenyewe, hata kiwe kidogo. Kwa hiyo Mzee ananipa pembe ya baraza, niweke gunia moja la ulezi nianze kuuza kwa kibaba. Na Mzee mwenyewe atamwandikia baba yangu, ili anipe mwaka mmoja zaidi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akasema.

Nimemshukuru sana. Lakini gunia moja? Kwa kibaba? Barazani, kama bibi kizee? Mgongo wangu haukuumbwa kwa kuinama hivyo.

Jumatatu, 13 Septemba

Nimefikiri usiku kucha na nimeona kosa lilipokuwa. Sikuwa na barua ya sifa. Mhoji angejuaje tabia yangu?

Nimeiandika leo, kurasa mbili, kana kwamba ni Mzee Huseni anayesema. Nimeeleza bidii yangu, akili yangu, na hasa uaminifu wangu, mistari sita. Mwisho nimetia sahihi yake. Naijua vizuri, nimeiona kila siku miaka mitatu, na sikutaka kumsumbua mtu mzima. Nikaifunga kwenye bahasha kwa gundi, nikaandika juu Bwana Lukmani.

Nilipokuwa naipeleka posta Mzee akaniuliza ni barua ya nani. Nikasema ni ya shukrani. Akafurahi mno. Akasema naye anamwandikia Bwana Lukmani leo hii kuhusu mimi, basi nimpe yangu, azitie zote mbili katika bahasha moja.

Nimempa. Stempu moja imeokoka.