Safi Juu, Fifi Katikati

Jumatatu, 10 Juni 1996

Siku njema sana! Bwana Selestini, meneja wa kinu kipya cha pamba pale Kasoli, kaja mwenyewe kwenye banda langu la redio hapa Bariadi. Mota ya kinu inakwenda vizuri, mara inajikwaa, mara inazima. Mashine zake zimekuja na osiloskopu, kipimo chenye kioo kinachochora mawimbi ya umeme, na hakuna anayekijua. Atakayekiweza kufikia Ijumaa ndiye fundi wa kudumu wa kinu. Nikamwambia mimi nimekulia humo humo. Kusema kweli sijawahi kukiona hata kwenye picha.

Danford, fundi redio wa ng'ambo ya barabara, kasikia yote. Masikio yake hayo! Naye kaitwa.

Mama Kija, mke wangu, kanikumbusha neno la baba yake: nikikosa kazi msimu huu, niende kwake Zagayu nikachume pamba. Mimi, Mahona, fundi! Nichume pamba mbele ya shemeji zangu!

Jumanne, 11 Juni

Kasoli. Nimekiwasha. (Swichi nimeitafuta hadi nikatoka jasho.) Wimbi limetokea na manyoya yamesimama, kama mbwa aliyenusa fisi. Nikabonyeza kila kitu. Mara nikaangukia mambo ya wastani: kipimo kinachukua mawimbi mengi, kinajumlisha, kinagawanya, kinachora moja. Nikaweka manne. Manyoya yakapungua. Nikaweka mia mbili hamsini na sita, mwisho wa uwezo wake. Lo! Wimbi laini kama limepakwa samli.

Hapo nikaelewa. Kumbe haya ni mambo yetu! Ni gunia la pamba hili: safi juu, na fifi, ile ya daraja la pili yenye madoa, unaizika katikati. Enzi za ushirika wakaguzi walikuwa wanapekua. Siku hizi wanunuzi binafsi wanagombania magunia, nani ana muda? Msimu uliopita niliyafungasha hivyo ya baba mkwe, yakapita yote. Na Wajapani waliotengeneza kipimo hiki wameunda mashine ya kazi hiyo hiyo. Watu wenye akili!

Jumatano, 12 Juni

Nimekasirika. Danford kagundua upande wa hesabu. Kachomeka waya mmoja kwenye jenereta, mwingine kwenye mota, kakiamuru kipimo kichore wimbi la kwanza toa la pili. Imebaki miiba mitupu. Anadai njia ingekuwa nzima kisingebaki kitu cha maana, kwa hiyo mahali fulani katikati waya umelegea. Meneja kaitikia kwa kichwa. Kampa soda. Mimi nimepewa maji.

Alhamisi, 13 Juni

Nimelipiza! Danford alipokwenda kula, nikachomeka waya zote mbili mahali pamoja, pale pale kwenye mota. La kwanza toa la pili: sifuri! Mstari umenyooka ukingo hadi ukingo. Nikamwita meneja, nikamweleza kwamba ile miiba ilitokana na mikono ya Danford kutetemeka. Meneja kafikiri sana. Soda nimepata mimi!

Nimemwambia Mama Kija aanze kujitambulisha sokoni kama mke wa fundi wa kinu. Kasema atasubiri Ijumaa kwanza.

Ijumaa, 14 Juni

Aibu gani hii.

Meneja kaamuru mota iwashwe mbele ya wafanyakazi wote. Nikasimama kando ya kioo, waya kwenye mota, wastani mia mbili hamsini na sita. Nikawageukia watu. Nikatangaza kwamba umeme wa kinu hiki sasa umetulia kama mtoto aliyeshiba. Wote wakakodoa macho. Nikajua nimewashika! Nikaendelea, tena kwa sauti.

Kumbe mota imezima. Na kioo, kinachokula umeme wa jenereta ndogo ya ofisini, bado kimeganda na wimbi zuri la zamani, hakina habari. Nami bado nalionyesha kwa kidole.

Meneja kasogea. Sikujua kwamba kabla ya kinu alikuwa mkaguzi wa pamba wa ushirika, miaka na miaka! Kaniuliza polepole:

"Mahona, katikati umezika nini?"

Nikamwambia hakuna kitu, mzee.

Kamwambia Danford aondoe wastani na mota iwashwe tena. Miiba ikajaa kioo kizima. Danford kafungua boksi la swichi, kakuta waya umelegea, umeungua ncha. Kakata, kakaza. Mota imekwenda hadi jioni bila kujikwaa. Kazi kapewa yeye.

Meneja kawaonyesha watu alivyokuwa akikagua zamani: kakunja shati, kazamisha mkono kwenye gunia hadi kiwikoni. Wamecheka hadi wakakaa chini. Nimeumia, sifichi.

Jumatano, 19 Juni. Zagayu.

Shemeji zangu wamenicheka siku mbili, sasa wamechoka. Baba mkwe kanisalimia vizuri kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Mahona", kama hajui lolote. Kuchuma sikuwezi, nina mgongo. Kanipa kazi ya kufungasha magunia.

Jumatatu pamba inakwenda Kasoli, na Selestini atakagua mwenyewe. Baba mkwe kanisihi isiingie hata fifi moja, kwa sababu jina lake halijawahi kutiwa doa. Nimemwambia aondoe shaka, mkwewe kajifunza.

Na kweli nimejifunza. Mkono wa Selestini huzama guniani hadi kiwikoni tu, siku ile niliutazama vizuri sana. Fifi yote nimeiweka chini ya hapo.