Agizo la Ubaridi wa Gesi

Kwa furaha isiyo kifani, uongozi wa hospitali uliutangazia umma wa Kibiti, Umwe na delta nzima kwamba upasuaji wa tundu umewasili. Ulikuwa mwaka tisini na tatu, enzi za ruksa, kila kitu kilikuwa kikiwasili. Sasa tumbo halipasuliwi kama la papa. Linatobolewa, linajazwa gesi mpaka linatutumka, na daktari anachungulia kwenye televisheni.

Bwana Sadallah, Mwenyekiti wa Kamati ya Hadhi ya Vifaa, aliamuru mtungi wa gesi ukae ofisini kwake mpaka saa ya upasuaji, penye kiyoyozi pekee cha hospitali. Mali ya wafadhili haiachwi kwenye joto. Alijijua: gesi hakuielewa hata kidogo, ila kiyoyozi alikielewa vizuri sana.

Muuguzi Mwanamina, mzaliwa wa Mbuchi, akabisha hodi.

"Shikamoo mzee. Gesi inaingia tumboni ikiwa baridi. Watu wanaamka wanatetemeka, pumzi fupifupi. Tupitishe mpira wake kwenye maji ya moto. Mzazi tunamkanda, sembuse huyu aliyetobolewa?"

"Marahaba. Hayo mambo ya uani, mwanangu. Hapa pana kamati."

Kamati ikaketi, ikala wali kwa kamba, ikatoa agizo: gesi ibaki baridi, na mgonjwa atakayehema ovyo aonywe kwa maandishi. Wakaonywa kumi na mmoja.

Kisha vijiwe vya nyongo vikamwangusha Sadallah mwenyewe. Kwenye meza ya upasuaji akamshika Mwanamina mkono.

"Mwanangu, yale maji ya moto..."

"Nikiyagusa nafukuzwa kazi, mzee. Sahihi ni yako. Kulifuta agizo mpaka kamati ikae."

"Basi ikae!"

Kamati ilikuwa kwenye semina, Dar es Salaam.

Aliamka anatetemeka, kifua kimemgomea. Akawakumbuka wale kumi na mmoja, akaona haya, haya ya kweli. Akaapa kulifuta agizo siku hiyohiyo.

Jioni kamati ikarejea, ikazunguka kitanda chake. Abdala, makamu wake, akafungua faili.

"Mwenyekiti, kesho wanapasuliwa wawili. Kuna anayepinga agizo kuendelea?"

Sadallah, mtu aliyewahi kuhutubia kwa saa tatu juu ya matumizi ya ufagio, akafumbua kinywa.

"Na... naf..."

Pumzi haikufika mwisho wa neno. Akapunga mkono kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Anatuaga," alisema Abdala kwa heshima, akaandika: Hakuna pingamizi.