Kimbunga Kilichotua Kwenye Kiwanja cha Mkurugenzi

Kamati ya Uthibitisho wa Kimbunga inapenda kuutangazia umma kwamba kimbunga hakikutokea. Mimi ndiye katibu wake, na nyaraka ninazo.

Kipimo cha upepo, kilichokuwa juu ya paa la ofisi, kilisoma kilomita arobaini kwa saa, kisha kikaondoka pamoja na paa. Usomaji wa mwisho ndio usomaji rasmi. Na kwa mujibu wa kanuni, upepo wa arobaini hauangushi nyumba. Kwa hiyo nyumba mia mbili na kumi za ufukweni zilianguka kwa uzembe wa wenyewe. Maturubai ya waathirika tuliyafungia stoo, maana waathirika hawakuwepo.

Siku ya tano fundi cherehani akaja, mama mkwe wake mgongoni, anakohoa kama injini iliyoingia maji.

"Katibu, nipe turubai moja tu. Mvua nyingine mama huyu haimalizi."

"Pole sana. Nyumba ilianguka kwa sababu gani?"

"Sababu? Bahari iliingia mlangoni ikatokea dirishani!"

"Naandika: uzembe."

Bibi akainua kichwa. "Andika na mimi nimezeeka kwa uzembe."

Hapo Mkurugenzi, mkuu wa kamati yetu, akatoka ofisini kwake.

"Mheshimiwa," fundi akamdaka, "na ghorofa lako nalo limelala chini. Shemeji yako alilijenga kizembe? Si ndiye aliyejenga ile shule iliyowaangukia wanetu mwaka ule, siku ambayo hata upepo haukuwepo?"

Foleni ya watu wa ufukweni nyuma yake ikasogea karibu kusikiliza. Mkurugenzi alitafakari kitaalamu, kisha akanisomea nyongeza ya kanuni: kimbunga kilitokea, ila kwenye kiwanja chake peke yake. Akasaini, akagonga muhuri, akaenda kwa dada yake kupumzika.

"Katibu," fundi akauliza polepole, "sasa mwathirika ni nani?"

"Mkazi wa kiwanja cha Mkurugenzi."

"Na mkazi ni nani?"

"Yeyote atakayekutwa pale wakati wa kuandikisha."

"Mnaandikisha lini?"

Nikatazama ratiba. "Leo, saa nane mchana."

Saa nane nilizikuta kaya mia mbili na kumi zimejipanga vizuri kati ya maua na bwawa la kuogelea. Niliziandikisha zote, sikuona kipingamizi. Turubai la kwanza lilikuwa la bibi. Kwa mara ya kwanza baada ya siku tano, alikohoa akiwa mkavu.

Jioni gari la Mkurugenzi lilikwama getini, limezibwa na masufuria.

"Katibu! Hawa ni akina nani?"

"Wakazi, mheshimiwa."

"Na mimi je?"

Nilipekua daftari mara mbili, kwa heshima zote. Hakuwemo.

"Saa nane ulikuwa kwa dada yako, mheshimiwa."

"Sasa nifanyeje?"

Nilimwelekeza kama ninavyomwelekeza mwananchi yeyote: aandike barua ya maombi kwa Mkurugenzi, asubiri majibu ndani ya siku tisini.