Ombi la Kulichukua Gari Dogo la Baba

Shangazi Mheshimiwa,

Shikamoo. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa masikio.

Nakuandikia kwa sababu wewe ni dada mkubwa wa baba, na ndiwe mtu pekee ambaye akikohoa, baba hukaa wima. Tena ndiwe uliyemletea lile gari dogo la rimoti, lenye injini ya kweli inayokunywa mafuta ya nitro, ukasema apumzishe macho baada ya kutengeneza saa za watu kutwa nzima. Macho yamepumzika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Gari haliendi. Linawaka uani, linalia kama nyigu aliyefungiwa kwenye kopo, linakimbia hadi kwenye pipa la maji, linazima. Hapo baba hupiga magoti, huingiza bisibisi kwenye kabureta, panapochanganyika mafuta na hewa, na kuzungusha skrubu ya mafuta kidogo sana, kama anayepasua jicho la mgonjwa. Upasuaji huu umeendelea kila jioni kwa wiki sita.

2. Hupima joto la injini kwa kuidondoshea tone la maji na kuhesabu sekunde mpaka likauke. Sina ugomvi na kipimo hicho. Lakini juzi nilipopata homa, alinidondoshea tone kwenye paji la uso, akatazama saa, akamwambia mama, "Huyu bado hajafikia joto la kazi." Nikapelekwa shule.

3. Sasa baba anatuona sote injini. Dada yangu, anayechelewa kuamka, eti amezidiwa mafuta. Mama, aliyeuliza kwa nini sebule inanuka, eti ana hewa nyingi. Na bibi mzaa mama, yaani mama mkwe wake, alipokuwa akikoroma kwenye kochi, baba alimbana pua, kama anavyobana mpira wa mafuta wa gari, ili asikilize kama sauti itapanda kabla ya kuzima. Bibi hakuzima, Shangazi. Alifumbua macho akauliza, "Mkwe wangu, unanizika au unaniwasha?"

4. Kijitabu kilichokuja na gari (nimekisoma mara nne, baada ya kumaliza kazi za shule) kinasema lazima moshi mwembamba uonekane nyuma. Gari la baba halitoi moshi hata chembe. Maana yake injini inapata mafuta haba na inaungua kwa kiu. Skrubu inatakiwa kufunguliwa. Lakini baba ni fundi saa, na kwake skrubu iliyolegea ni aibu ya ukoo. Kila jioni anaikaza.

5. Nilimweleza. Akasema, "Mwanangu, sogea, usije ukapiga chafya karibu na kabureta." Nimeomba kushika bisibisi mara kumi na moja. Sijawahi kuomba kitu mara kumi na moja, hata baiskeli.

Kwa hiyo naomba kwa heshima uje Jumamosi ulichukue gari. Ikiwezekana, uchukue na bisibisi. Na ukipata nafasi, mchukue na baba kwa wiki moja, mpaka masikio yake yazoee tena sauti za watu. Mama amejitolea kufungasha.

Nisalimie mjomba, watoto wote, na jirani yako mshona magodoro.

Wako mtiifu katikati ya kelele,
Binti wa mdogo wako

N.B. Kabla sijafunga bahasha, baba alikwenda kuoga akaiacha bisibisi uani. Nilifungua skrubu sehemu moja kati ya nane za mzunguko, kama kijitabu kinavyoelekeza, nikavuta kamba ya kuwashia, nikashika rimoti. Gari lilipita pipa, likazunguka ua mara tisa likiacha moshi mwembamba. Baba alitoka na taulo, povu masikioni, akasimama kusikiliza. Hakuuliza nani kanituma. Aliuliza, "Umefungua kiasi gani?" Nikamwambia. Akapiga magoti pale pale na taulo lake, akasogea kando, akaniachia nafasi mbele ya kabureta.

Usije Jumamosi, Shangazi. Tunaanza skrubu ya pili ya kabureta, na atakayeshika bisibisi ni mimi.