Msemaji wa Upande wa Baba

Jumamosi, 6 Septemba

Siku ya ishirini na moja Editha hajanisemesha. Binti yangu wa kumzaa! Shikamoo anatoa, maana mama yake kamlea vizuri, ila anaitoa huku anaangalia friji. Na kosa langu liko wapi? Siku ya sherehe ya kipaimara chake nilishika kipaza sauti nikachangamsha watu. Nikasema mtoto kapata kumi na nne kwa mia kwenye hesabu, tena yuko kidato cha pili na bado analala na mwanasesere. Ukumbi mzima pale Chang'ombe ulicheka. Shemeji Sebastian alicheka mpaka akamwaga soda.

Sasa Demetria, mke wangu, kamtafuta mshauri wa watoto na wazazi, wa mtandaoni, anaitwa Najma. Jumatatu saa kumi na moja jioni tukae sote mbele ya simu yangu, na mimi niombe radhi. Kwa mtoto! Nimemwambia Demetria sawa. Moyoni nimesema watanitambua.

Jumapili, 7 Septemba

Nimepata akili. Kwenye posa hakuna mwanaume anayejisemea. Unapeleka mshenga, anasema yeye, wewe unakohoa tu. Nilipomposa Demetria sikufungua mdomo hata mara moja, na ndoa ina miaka kumi na sita. Basi na radhi nayo iwe na msemaji! Nimemfuata jirani yetu Kornelio, MC wa maharusi. Kasema mambo ya saikolojia hajawahi kuyafanya, ila watu ni walewale. Tumekubaliana chipsi kuku.

Jumatatu, 8 Septemba

Kornelio kaja na suti ya zambarau na kipaza sauti chake. Demetria akamuuliza harusi iko wapi. Nikamwambia huyu ndiye msemaji wangu.

Najma akatokea kwenye simu. Binti mdogo tu, ana hijabu na daftari. Kornelio akasimama, akamkaribisha meza kuu, akaomba apigiwe makofi ya kilo. Nilipiga peke yangu. Najma akauliza kwa upole ndugu huyu ni nani kwa mtoto. Akajibiwa ni msemaji wa upande wa baba. Akauliza tena, je, upande wa mama nao wana msemaji?

Hapo Editha akajifunika khanga usoni, mabega yakatikisika. Kacheka! Siku ya ishirini na tatu! Nikajua mambo yameiva. Kumbe wapi. Najma akasema, "Baba Editha, ndugu yetu apumzike. Nataka kukusikia wewe."

Nikazima data kwa kidole gumba, nikaulaani mtandao. Demetria alikiona kidole.

Jumatano, 10 Septemba

Najma katuma kazi ya nyumbani. Nikae na Editha dakika kumi kila siku. Nisimshauri, nisimuulize hesabu, nisikilize tu. Kazi rahisi hii! Hapa hapa nampiku Sebastian, ambaye binti yake anamsimulia kila kitu, na yeye anatutambia kwenye grupu la ukoo.

Nikakaa kwenye kochi. Editha akakaa. Hakusema kitu, na mie sikusema. Kiwandani leo tumepakia magodoro tangu asubuhi. Nilipozinduka lisaa lilishapita na mtoto hayupo. Ila nimefunikwa shuka mpaka shingoni, na kifuani nimewekewa yule mwanasesere. Sijui ni dhihaka au nini. Machozi yalinitoka kidogo. Nadhani vumbi la magodoro.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo tena tuko na Najma, na Kornelio kapigwa marufuku. Lakini kaniandikia hotuba, tamu hasa, inaanza na "itifaki imezingatiwa". Nikaibandika ukutani nyuma ya simu. Nikafika mstari wa tatu, feni ikaing'oa, ikaingia chini ya kabati. Mamaa! Nikabaki mtupu. Editha ananiangalia. Si friji, mimi.

Mdomo ukasema wenyewe: "Nilitaka sifa za kuchekesha watu, wakakucheka wewe. Nisamehe, mwanangu."

Akauliza, "Baba, hutawasimulia tena watu mambo yangu?"

Nikasema sitasimulia. Kaniita baba! Nimefurahi jamani, sijawahi kufurahi hivi.

Baadaye, mama yake akiwa jikoni, kaninong'oneza siri. Hesabu hazimshindi. Haoni ubaoni! Kaona haya kusema, anaogopa wenzake watamcheka akivaa miwani. Kaniomba nisimwambie mtu yeyote, mama atamwambia mwenyewe Jumatatu. Nimeapa. Mie, baba wa kuaminiwa! Habari yenyewe kubwa, inaniwasha kooni.

Jumapili, 14 Septemba

Sherehe ya ubatizo kwa Sebastian, Manzese. MC ni Kornelio. Sebastian kashika kipaza sauti, kajisifu robo saa nzima jinsi binti yake anavyomwamini. Ningenyamaza mie? Nikasimama.

Nikawaambia watu kwamba Projestus wa zamani kafa. Siku hizi mambo ya binti yangu hayatoki mdomoni mwangu. Nikaona watu hawajaelewa vizuri, nikatoa mfano. Kwamba juzi tu kaniambia macho yake hayaoni ubaoni na anaona haya kuvaa miwani, na mimi mpaka leo sijamwambia mtu, hata mama yake hajui. Kornelio akaomba makofi ya kilo tatu. Yakapigwa! Sebastian alinywea kabisa.

Njia nzima ya kurudi Editha kaangalia dirishani. Tulipofika kamchukua mwanasesere wake juu ya kochi, kaingia chumbani, kafunga mlango. Demetria naye kaniambia maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Siwaelewi. Nimeitunza siri ya mtoto mbele ya watu mia, na bado wananuna.

Leo siku ya kwanza hajanisemesha. Kesho tuna Najma. Nimeshaongea na Kornelio, na safari hii anakuja na spika.