Chumvi ya Mtaa wa Chini

Jumatatu, 2 Februari

Nimepata dawa. Si ya kumeza. Ni ya akili.

Jana semina kwenye ukumbi wa mji. Mtaalamu wa saikolojia ya afya kutoka chuo kikuu, kijana mwenye tai nyembamba, ametuambia sisi viongozi wa afya wa mitaa kwamba watu hawaachi chumvi kwa kutishwa. Miaka yote tumewaonyesha picha za mishipa iliyopasuka, kumbe bure. Utafiti unasema mtu hufanya anachoona wenzake wanafanya. Pia unasema kitu kibaya kiwekwe mbali na mkono. Alisema na mengine, lakini chai ilikuwa imeshaletwa nyuma ya ukumbi, nami nilitaka kumuwahi Bi Hatakeyama kwenye achari.

Bi Hatakeyama ni kiongozi wa Mtaa wa Juu. Mwaka jana mtaa wake ulisifiwa mbele ya watu wote kwa supu nyepesi. Mwaka huu ataisikia kwenye bomba. Jumapili Nesi Ayukawa atapita nyumba kwa nyumba na kile kipima chumvi chake, ambacho ukikichovya kwenye supu ya miso, ile rojo ya soya iliyochachushwa kwa chumvi, huwaka kijani, njano au, chumvi ikizidi, nyekundu.

Sasa niseme ukweli, hapa niko peke yangu. Si sifa tu. Ni Tomiko. Kabla theluji haijaanza, daktari alimwambia mke wangu kwamba presha imepanda. Mama yake alifariki kwa kiharusi. Dada yake pia. Wote wakati wa baridi. Tomiko alisema asante daktari, tukarudi nyumbani, akakata figili za achari kama kawaida. Daktari alinipima na mimi, akakunja uso. Nilimweleza kuwa yangu ilipandishwa na baridi ya njiani.

Sikubali kumpoteza mwanamke huyu. Kazi inaanza kesho.

Jumanne, 3 Februari

Kitu kibaya kiwekwe mbali. Asubuhi na mapema nimebeba pipa la figili za moshi, zile Tomiko anazozikausha juu ya moto wa kuni na kuzizika kwenye pumba za mchele na chumvi. Nimelitoa jikoni hadi banda la nyuma. Theluji mpaka magotini. Mgongo wangu haunisemeshi.

Tomiko akaona nyayo zangu. Akavaa buti, akaenda, akarudi na sahani inayotosha harusi. Akasema hawezi kuwa anakanyaga theluji kila akitaka kipande, bora alete za siku nzima. Sahani ikakaa katikati ya meza yetu ya baridi, ile yenye jiko chini yake, kutwa. Majirani wawili wakapita kunywa chai, wakatafuna. Mimi nami nikatafuna, maana zilikuwa mbele yangu.

Zimeisha. Utafiti haukutaja sahani kubwa. Sikati tamaa.

Jumatano, 4 Februari

Mtu hufanya anachoona wenzake wanafanya. Basi waonyeshwe!

Nimepita mtaani na kipima chumvi cha kuazima. Karibu nyumba zote nyekundu. Chache tu kijani, mojawapo ya Bi Wakasa, mjane wa kona. Nikarudi nyumbani, nikachukua brashi na wino, nikaandika tangazo na kulibandika kwenye ubao wa mtaa: NYUMBA NYINGI ZA MTAA WA CHINI SUPU YAO INA CHUMVI KALI. TUJIREKEBISHE.

Mwandiko wa kupendeza. Watu wamesimama kulisoma. Mzee Kumagai, mla chumvi namba moja hapa, alitikisa kichwa muda mrefu. Maneno yamemwingia, nilimwona kwa macho yangu.

Ijumaa, 6 Februari

Sijui nianzie wapi.

Bi Wakasa amenivutia pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kwamba nyumba nyingi zina supu kali. Nikajibu kweli tupu. Akainama kunishukuru. Akasema kumbe ndiyo maana wageni wake huacha supu nusu, na yeye miaka yote hajui kwamba mtaa mzima unamwona bahili wa miso. Tangu juzi anaongeza kijiko kizima. Nikacheka. Halafu nikaacha kucheka. Nikapima supu yake: nyekundu. Nikakimbilia nyumba nyingine zilizokuwa kijani: nyekundu, nyekundu. Hapa kwetu kumpa mgeni supu nyepesi ni kumwonyesha mlango, na mimi nimewakumbusha kwa wino.

Na Mzee Kumagai? Anafurahi kama mtoto. Anasema mkewe alikuwa akimsimanga kila siku kwamba ni yeye peke yake anayekula hivyo. Sasa uongozi umemtetea kwa maandishi.

Nikampigia Nesi Ayukawa. Akashusha pumzi. Akasema mtaalamu alituonya hilo hilo kwenye sehemu ya pili: ukiwatangazia watu kwamba wengi wanakosea, hata wachache wanaopatia watawafuata wengi. Akaniuliza sehemu ya pili nilikuwa wapi. Nikamwambia simu inakatika.

Nimekwenda kulibandua tangazo. Limegandia ubaoni kwa barafu, nusu imebaki. Inasomeka CHUMVI KALI, utadhani tunaiuza.

Jumamosi, 7 Februari

Bado siku moja. Nimesoma karatasi za semina upya. Mtu akiahidi mbele ya watu, hutimiza. Hapo sasa!

Mtaa wote ulikuwa barabarani unaondoa theluji. Nikapanda juu ya rundo, nikatangaza kwamba mke wangu ameahidi kupunguza chumvi kuanzia leo. Makofi. Tomiko akainama kwa adabu na kutabasamu. Hawezi kuniaibisha mbele za watu. Aliniaibishia nyumbani. Aliniambia, Baba Chinami, kama ahadi yangu umeitoa wewe, basi itimize wewe.

Alasiri akatoka kusafisha mlangoni. Nilikuwa dirishani. Nikamwona anashika ukuta. Koleo likaanguka. Nikatoka bila viatu.

Akasema ni kizunguzungu tu, kitapita. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Niliogopa, sijawahi kuogopa vile. Nilitafuta la kusema kwenye utafiti wote, sikulipata. Nikamwambia tu kwamba asife, tafadhali. Akaniangalia sana. Akasema nikavae viatu.

Jumapili, 8 Februari

Nesi Ayukawa amekuja wakati tunakula. Akachovya kipimo kwenye bakuli la Tomiko. Kijani.

Nikasema kipimo ni kibovu. Akachovya kwenye langu. Meza ile ile, sufuria ile ile. Nyekundu ya kutisha.

Tomiko akaeleza, akimtazama nesi na si mimi. Tangu siku ya daktari huchota supu yake kwanza, ndipo anaongeza miso kwenye sufuria kwa ajili yangu. Achari hukata kwa ajili yangu na ya wageni. Presha yake imeshuka. Kizunguzungu cha jana ni cha vidonge vya presha, daktari alimwambia mapema. Akasema mwaka tuliooana alinipikia supu ya kwao, nyepesi, nami nikaimwagia sosi ya soya kabla ya kuonja, mbele ya mama yangu. Hakuthubutu kuipika tena. Sasa anayemkosesha usingizi ni mimi. Akasema hataki kuzeeka akijipikia peke yake.

Nesi akanifunga mkanda wa presha. Akatazama. Akapima tena. Akasema kesho kliniki, nisimletee habari za baridi.

Niliona haya mpaka masikio. Nikavuta bakuli la Tomiko, nikanywa supu yote. Maji ya moto matupu. Nikamwambia ni tamu.

Jumanne, 10 Februari

Jana kliniki. Nimepewa vidonge. Daktari alinisema kwa kirefu, lakini kiini nimekishika: Tomiko ana wasiwasi mno, na wasiwasi si mzuri kwa presha yake. Nitamtafutia mpango.

Mtaa wa Juu umesifiwa tena. Bi Hatakeyama aliniinamia polepole kuliko ilivyo lazima. Mwaka ujao tutaonana.

Kero ya leo: Tomiko ameleta chupa mpya ya sosi ya soya, na ni mbovu. Ukiinamisha, tone moja. Ukiitikisa, tone jingine. Nimepambana nayo asubuhi, mchana na jioni, mpaka nikachoka nikala samaki hivyo hivyo. Nikamwambia tundu limeziba. Akasema ndivyo zinavyotengenezwa siku hizi, huku anatazama pembeni. Maskini, ameuziwa takataka na anaona aibu kusema.

Lakini amenivumilia sana wiki hii, anastahili zawadi. Kesho nitashuka mjini kumnunulia chupa ya maana, ya kioo, yenye mdomo mpana. Simwambii. Ataikuta mezani.